Baiskeli juu ya keria: kamba mbovu humla mchuuzi mtaji

Mtu anayenunua baiskeli ya mtumba mjini Unguja ili aipeleke shamba hapigi bei kwa haraka. Hukagua fremu kama ina mahali palipochomelewa, huzungusha rimu kuona kama inayumba, hukaa juu yake na kubana breki zote mbili. Baada ya jitihada zote hizo huikabidhi kwa utingo wa gari la abiria, ambaye huitupa juu ya keria, huizungushia kipande cha mpira wa tyubu, na safari inaanza. Kilomita 40 baadaye rimu ile ile iliyozungushwa na kusifiwa huteremshwa ikiwa imepinda.

Hasara ya namna hii haiandikwi popote. Haimo katika hesabu za mwenye gari, wala za mwenye duka aliyeuza baiskeli. Hubebwa na mtu mmoja tu, naye mara nyingi ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote waliohusika.

Kikwajuni, mtaa wa Ng'ambo ulio karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja, ni mahali pazuri pa kuanzia hesabu hii. Kutoka kwenye majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki miaka ya 1960 hadi katika vichochoro vya Mji Mkongwe, mwenye baiskeli hahitaji chombo kingine. Lakini kisiwa cha Unguja kina urefu wa kilomita 85 hivi. Kutoka mjini hadi msitu wa Jozani ni kiasi cha kilomita 35, na hadi Nungwi ni karibu 60. Kwa masafa hayo baiskeli yenyewe huwa abiria.

Wanaoisafirisha ni wa aina tatu. Wapo wanaonunua mjini na kupeleka shamba. Wapo wachuuzi wanaoingia mjini alfajiri kwa baiskeli na maziwa, samaki au madafu, kisha wakarudi kwa gari jua likishapanda. Na wapo wenye biashara ya kutembeza wageni, ambao huchukua baiskeli kadhaa kwa pamoja, juu ya gari au ndani ya tela, hadi Jozani au pwani ya mashariki, ili wageni waanzie safari huko. Kundi hili la tatu lina kila sababu ya kukua: mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 638,000.

Si mzigo, ni mtaji

Kosa la kwanza ni kuihesabu baiskeli kama gunia la mbatata. Gunia likichubuka, mbatata hupungua bei kidogo. Baiskeli ikipinda gurudumu, kazi yote husimama.

Chukulia mfano wa mchuuzi wa maziwa anayebakiwa na faida ya shilingi 10,000 kwa siku. Rimu na spoki mpya ni shilingi 35,000, na ufundi ni shilingi 5,000. Kama fundi atamweka siku tatu, faida iliyopotea ni shilingi 30,000. Jumla ni shilingi 70,000, yaani faida ya siku saba. Bado hajahesabiwa mteja aliyekosa maziwa kwa siku tatu na kuhamia kwa mchuuzi mwingine.

Sasa chukulia kwamba mikanda miwili ya kukazia, kipande cha zulia kuukuu na vipande vya tyubu vinagharimu shilingi 14,000 na kudumu mwaka mmoja. Fedha hizo ni moja ya tano ya hasara ile. Maana yake, vifaa hivyo vitakuwa vimejilipa hata kama vitamwepushia mchuuzi ajali moja tu katika kila miaka mitano. Bei hizi ni za mfano, na kila mmoja anaweza kuweka zake. Ni nadra matokeo kugeuka. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hasara za juu ya keria ni za aina hiyo hasa.

Gurudumu lina nguvu upande mmoja

Ili kuelewa kwa nini baiskeli nzima huharibika ikiwa imelala tu, inafaa kutazama namna gurudumu lilivyoundwa. Spoki nyembamba zilizovutwa kwa nguvu huliwezesha kubeba mtu mzima na gunia nyuma yake, mradi uzito unashuka wima. Uzito huo huo ukija kwa ubavu, gurudumu halina kinga ya kutosha. Baiskeli iliyolazwa juu ya keria, kisha ikawekewa gunia la mkaa juu yake, inabebeshwa uzito kwa upande ambao haikuundiwa.

Kwa hiyo, kama keria ina nafasi, baiskeli isimame wima, ifungwe kwenye fremu pande zote mbili. Kama lazima ilale, upande wenye cheni uwe juu, usukani ugeuzwe ulingane na fremu, na pedali ya chini ivuliwe au izungushwe isigonge kitu. Kilicho muhimu kuliko vyote, kisiwekwe kitu juu ya magurudumu. Pampu, taa, kikapu na chochote kinachoweza kuchomoka kiteremshwe kabla ya safari, kwani kikiruka njiani kinaweza kumjeruhi mpanda pikipiki anayefuata nyuma.

Kamba nayo ifungwe kwenye mabomba ya fremu, mbele karibu na usukani na nyuma chini ya kiti, isipitishwe kwenye spoki wala kwenye waya wa breki. Panapogusana chuma na chuma huwekwa kipande cha zulia au tyubu. Baiskeli zikiwa nyingi, hupangwa moja ikitazama mbele na inayofuata nyuma, ili sukani zisigongane.

Kamba gani?

Mpira wa tyubu unapendwa kwa sababu ni rahisi kupatikana na hukaza haraka. Lakini sifa yake kubwa, kuvutika, ndiyo pia kasoro yake. Gari likiruka kwenye shimo, mpira huachia kidogo, baiskeli husogea, na kila msogeo hulegeza fundo. Aidha jua huuchakaza ukaanza kupasuka. Mpira unafaa kuzuia vitu visigongane. Usiwe ndiyo tegemeo.

Kamba ya usumba, inayosokotwa kwa makumbi ya nazi, ina mkwaruzo mzuri na haitelezi, na maji ya bahari hayaiozeshi upesi. Hata hivyo, kwa unene ule ule, haina nguvu ya kamba ya nailoni, nayo pia huvutika. Nailoni ina nguvu lakini hurefuka inapolowa, jambo la kukumbukwa msimu wa masika. Mkanda bapa wa poliyesta wenye kifaa cha kukazia huvutika kidogo zaidi ya zote, na ndio unaofaa kuwa tegemeo. Ukikazwa kupita kiasi, lakini, unaweza kubonyeza bomba la fremu nyepesi.

Nguvu inayotakiwa si ndogo. Kanuni ya kufunga mizigo inayotumika Ulaya hutaka mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake, na usiende pembeni wala nyuma kwa asilimia 50. Kwa baiskeli tano za kilo 20 kila moja, breki ya ghafla ni kama mtu wa kilo 80 anayezisukuma kuelekea kwenye kioo cha mbele, na kona kali ni kama kilo 50 zinazozivuta pembeni. Upepo nao huongezeka haraka kuliko mwendo: gari likitoka kilomita 40 kwa saa na kufika 80, nguvu ya upepo juu ya keria huwa mara nne.

Gari dogo lina mpaka wake pia. Paa za magari mengi madogo huruhusiwa kubeba kati ya kilo 50 na 100, na keria yenyewe imo katika hesabu hiyo. Baiskeli tano za chuma zinaweza kuwa zimeshavuka mpaka huo kabla abiria hajaingia.

Kamba yoyote hukaa sawa baada ya mtikisiko wa kwanza, ndipo hulegea. Gari linaloelekea kaskazini likaguliwe likifika Bububu, na linaloelekea kusini au mashariki likaguliwe likifika Tunguu. Dakika mbili zinatosha.

Somo la gari la ng'ombe

Wafanyabiashara wengine huona dawa ni kutundika baiskeli nyuma. Nyuma ya gari dogo jambo hili linawezekana, ilimradi baiskeli hazifichi taa wala namba ya gari, na tairi halikai mbele ya bomba la moshi, kwani joto lake huweza kulipasua. Hatari kubwa huja pale baiskeli zinapotundikwa nyuma ya tela.

Mwendeshaji wa gari la ng'ombe analijua jambo hili bila ya kwenda skuli. Mzigo ukiwekwa nyuma sana, nira huinuka na kumkaba ng'ombe kooni. Ukiwekwa mbele sana, nira humkandamiza shingo. Kwa hiyo hupanga magunia juu ya ekseli, kisha husogeza kidogo mbele mpaka nira itulie. Tela linalovutwa na gari hufuata sheria hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba gari halilii.

Wapo watu Ulaya na Marekani ambao husafiri wakati wa likizo wakivuta nyumba ndogo ya magurudumu, huku baiskeli zao zikining'inia nyuma yake. Watengenezaji wengi wa keria za kutundika nyuma ya gari huwakataza kuzifunga huko, kwa sababu mkia wa tela hupanda na kushuka kwa nguvu kuliko mkia wa gari, na chuma cha keria huweza kukatika. Huko Marekani kanuni inayofuatwa ni kwamba kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela ukae kwenye kiungo kinachoshika gari.

Hesabu yake ni nyepesi. Tela lina uzito wa kilo 200 pamoja na vifaa, na kilo 30 kati ya hizo zimekaa kwenye kiungo. Kutoka kiungo hadi ekseli ni mita 2. Baiskeli nne za kilo 15, jumla kilo 60, zinatundikwa mita 1.5 nyuma ya ekseli. Kilo 60 mara 1.5, ukigawa kwa 2, ni kilo 45. Hizo ndizo zinazoondoka kwenye kiungo kilichokuwa na kilo 30 tu. Kiungo sasa kinainuliwa juu kwa nguvu ya kilo 15, na mkia wa gari unainuka nacho. Tela kama hilo likishika mwendo huanza kuyumba kushoto na kulia, na kila yumbo huwa kubwa kuliko lililotangulia.

Baiskeli hizo hizo zikisimamishwa ndani ya tela, sentimita 25 mbele ya ekseli, huongeza kilo 7.5 kwenye kiungo. Kiungo kinabeba kilo 37.5 kati ya 260, yaani asilimia 14 na kidogo. Vitu ni vile vile, na gharama haikuongezeka hata shilingi moja.

Tela likianza kuyumba njiani, dereva asikanyage breki kwa ghafla wala asipinde usukani kwa nguvu. Aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani sawa, aache mwendo upungue wenyewe, kisha asimame pembeni na kuupanga upya mzigo. Cheni ya usalama kati ya gari na tela isikosekane katika safari yoyote.

Nani alipe?

Swali hili huulizwa baiskeli ikishapinda, wakati ambapo halina jibu. Utingo atasema haikuwa nzima, mwenye baiskeli ataapa ilikuwa nzima, na abiria watataka gari liondoke. Makubaliano yana thamani yakifanywa chini, kabla ya mzigo kupanda: baiskeli itakaa wapi, nini hakitawekwa juu yake, na nani ataikagua njiani. Mwenye baiskeli asimame aone ikifungwa, na ikiwezekana aje na mikanda yake mwenyewe.

Kwa wenye magari, fundi wa kuchomelea anaweza kuongeza mifereji miwili ya chuma juu ya keria ambamo magurudumu yatasimama, pamoja na pete za kufungia kamba. Gari linalojulikana kufikisha baiskeli salama lina haki ya kutoza zaidi kidogo, na mchuuzi anayejua hesabu ya siku saba hatakataa kulipa. Wenye baiskeli za kukodisha nao, badala ya kila mmoja kununua tela lake, wanaweza kushirikiana kutengeneza moja lililopimwa vizuri na kuligawana kwa zamu.

Yote haya hayahitaji mkopo wala mradi wa wafadhili. Kinachohitajika ni mchuuzi kuuliza swali moja kabla ya kumpa utingo baiskeli yake: ikifika imepinda, kesho asubuhi maziwa yatafika vipi mjini?