Panya Haingii Nyumbani Peke Yake

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani,

Huku Kipese hatuna theluji kama Ulaya, lakini tunakaa milimani. Mvua ikinyesha na ukungu ukishuka, kila mtu hutafuta moto. Panya naye hutafuta. Mavuno yakitoka shambani, anafuata viazi, maharagi na mahindi mpaka ndani ya nyumba yako.

Wengi husema: «Panya ni mwizi wa chakula tu.» Sivyo. Katika manyoya yake kuna viroboto, na kiroboto anaweza kuleta tauni. Ugonjwa huu ulijulikana zamani katika milima yetu ya Lubero, na mwaka 2020 uliwashika ndugu zetu wa Rethy, katika Ituri.

Mwaka 1898, daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alionyesha namna tauni inavyopita. Panya mgonjwa akifa, mwili wake unapoa. Kiroboto hapendi mwili baridi. Anaruka na kutafuta damu nyingine. Kama wewe au mtoto wako yuko karibu, atawauma ninyi. Kwa hiyo kuua panya na kuacha viroboto ni hatari. Fuata mpango huu:

1. Anza na viroboto. Fagia kila siku, hata chini ya kitanda, maana mayai yao hukaa katika vumbi. Jua likitoka, anika mikeka na mablanketi. Lala kitandani, si chini. Uliza dispanseri juu ya dawa ya viroboto.

2. Funga njia. Tundu linaloingiza kidole gumba linatosha kwa panya mdogo. Lizibe kwa mawe na simenti. Chini ya mlango pigilia kipande cha bati.

3. Mnyime chakula. Weka unga na maharagi katika debe lenye kifuniko. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Osha vyombo kabla ya kulala. Shimo la takataka liwe mbali na nyumba.

4. Sasa tega mitego. Usitumie dawa ya shambani: mtoto anaweza kuila pamoja na chambo.

5. Ukiona panya waliokufa bila kupigwa wala kutegwa, usiwashike, wala usiwaache watoto wawachezee au kuwapika. Waondoe watoto hapo, na utujulishe upesi.

Angalia alama za ugonjwa: homa kali ya ghafula, baridi mwilini, kichwa kuuma, na uvimbe wenye maumivu kwenye kinena, kwapa au shingo. Kwa kawaida huanza siku 1 mpaka 7 baada ya kuumwa na kiroboto. Wengi hudhani ni malaria na kunywa vidonge nyumbani. Wanapoteza wakati. Tauni ya uvimbe isipotibiwa, kati ya wagonjwa 10 wanakufa 3 mpaka 6. Ikifika mapafuni, mgonjwa anaambukiza wengine kwa kukohoa, na bila dawa ni vigumu sana kupona.

Lakini dawa zipo, na mgonjwa anayefika mapema hupona. Basi usingoje uvimbe ukue, wala usiogope kupoteza siku moja ya kazi. Njoo dispanseri siku ileile, hata usiku. Kazi utaikuta kesho. Mtoto aliyekufa hutamkuta tena.