PS2 imechoka: tununue konsoli gani mu nyumba?

Mushahara ukiingia, mu nyumba nyingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi watoto wako na neno moja tu: «Papa, ile PS2 ilishachoka, utuuzie PS5.» Papa ametoka zamu ya usiku, macho yamejaa vumbi, anajibu «tutaona». Mama naye anapiga hesabu: feza ya masomo, mufuko wa unga, nyumba ya kupanga.

Tusicheke ombi la watoto. Konsoli ikikosekana nyumbani, mutoto anaenda kucheza ku sali ya michezo. Kule wanalipa kwa mechi ao kwa saa, na hamjui anakaa na nani mpaka saa ngapi. Wazazi tulioongea nao wananunua juu ya ile: wajue mutoto iko wapi wakati papa iko karieri. Njo maana hatuulizi kama inafaa kununua. Tunauliza kununua gani, bila feza ya miezi kuungua mu siku moja.

PS2 yenyewe tuiheshimu. Ilitoka mwaka 2000, na iliuzishwa zaidi ya milioni 150 mu dunia. Inakula umeme kidogo, inaingia mu televizio ya zamani kwa waya zake tatu: manjano, nyeupe na nyekundu. Shida ni michezo. FIFA ya mwisho kutengenezwa kwa PS2 ni FIFA 14. Mbappé hayumo, Wissa hayumo, na mutoto wa leo hataki kusikia habari ya timu za wakati ule. PS3 ilifika mpaka FIFA 19, nayo pia inakubali televizio ya zamani. Lakini PS3 nyingi sokoni zimeshafunguliwa, zimejazwa michezo ya bure mu diski, na muuzaji anakuambia usiiunge hata siku moja ku intaneti. Ukinunua ile, jua kama umenunua mashini ambayo fundi moja tu njo anaijua.

Sasa PS4. Hapa watu wengi wanajua nyuma ya kulipa: PS4 haina mahali pa zile waya tatu. Iko na HDMI peke yake. Kama televizio yenu ni ya mugongo mukubwa, mutatafuta kibadilishaji, na picha itakuwa ya ukungu, maandishi hayasomeki. Kwa hiyo, mbele ya kuuliza bei ya konsoli, muangalie nyuma ya televizio. Kama hakuna tundu la HDMI, munanunua vitu viwili, hamununui kimoja.

PS5 ilitoka mwisho wa 2020 kwa dola 499 huko Marekani, na 399 ile isiyokuwa na mahali pa kuingiza diski. Mpaka ivuke Dar es Salaam na Zambia, ifike Kasumbalesa, kila mukono umechukua sehemu yake. Na ile ya bei ndogo njo mutego. Bila mahali pa diski, kila mchezo unashuka kupitia intaneti, na mchezo moja wa mupira unaweza kuwa giga 50. Pigeni hesabu ya mega. Xbox Series S iko vilevile: nzuri, ndogo, lakini diski haiingii. Mu kartie yetu michezo inatembea kwa diski: jirani anakuazima wake, nawe unamuazima wako. Konsoli isiyokula diski inakutosha mu ile mzunguko.

Shauri letu basi, kwa nyumba ya mufanyakazi wa mine: PS4 Slim, ile nyembamba ya 2016, ya mukono wa pili lakini iliyopimwa vizuri. Inakula umeme kidogo kuliko PS4 ya kwanza na kuliko PS4 Pro. Michezo ya mupira ingali inatokea kwake: EA Sports FC 25 ilitoka pia kwa PS4. Na siku feza itakuwa nyingi, PS5 yenye mahali pa diski inasoma karibu diski zote za PS4, kwa hiyo hamutupi kitu. PS4 Pro tunaiacha kwa mwenye televizio ya 4K.

Kupima njo kazi yenyewe. Muuzaji anaiwasha dakika mbili, picha inatokea, anasema «unaona?». Hapana. Mucheze nusu saa palepale, sababu mashini yenye ugonjwa wa joto inaficha ugonjwa mpaka ipate moto. Musikilize vantilateri: ikianza kulia sawa kamyo inayopanda na mzigo, ndani kuna vumbi ao ile dawa inayopakwa juu ya prosesa imekauka. Muingize diski, muitoshe, muirudishe. Mutikise kidogo waya ya HDMI. Picha ikikatika, tundu limevunjika, na kulitengeneza ni kazi ya kuchoma risasi, si ya kila fundi. Maneti nayo: muweke muchezaji uwanjani, mutoshe vidole. Akitembea mwenyewe, kile kijiti kimekwisha. Na mugeuze mashini musome kikaratasi cha nyuma. PS4 inakubali volti 100 mpaka 240, hapo hakuna shida. Lakini PS2 nene za kwanza kutoka Marekani ni za volti 120. Ukizichomeka mu 220 yetu, moshi njo jibu.

Umeme wetu munaujua. Ukikatika wakati konsoli inaandika mu diski, mchezo uliohifadhiwa unaweza kupotea, pengine diski yote inaharibika. Ukirudi kwa nguvu, ni chajeri ndani inayolia. Munue stabilizateri mbele ya kununua mchezo wa pili. Ondileri ni bora zaidi, inawapa dakika za kuzima kwa utaratibu. Musiache konsoli mu usingizi na taa ya rangi ya chungwa usiku mzima. Muzime kabisa, mutoshe waya ukutani.

Vumbi ya kiangazi nayo haina huruma, zaidi kwa wale wanaokaa kando ya barabara ya kamyo za madini. Konsoli isikae chini ku sima, wala mu kabati iliyofungwa. Kitambaa juu yake wakati haitumiki, kitoshwe mbele ya kuiwasha. Musafishe na burashi laini. Kompresa ya garaji hapana: inapuliza maji pamoja na upepo, inazungusha vantilateri mpaka inavunjika.

Ikishajaa, hamuhitaji konsoli mupya. Diski ya ndani ya PS4 ni ya inchi 2,5, sawa ile ya kompyuta ya kubeba, isipite unene wa milimita 9,5, na iko na kimlango chake. Sony yenyewe inaruhusu kuibadilisha. Kwanza munakopi michezo iliyohifadhiwa mu ufunguo wa USB. Kisha munashusha programu ya mfumo, ile faili nzito ya kusimika upya, karibu giga moja. Ile ndogo ya kawaida haitoshi. Kijana anayejua bisibisi anamaliza kazi yote mu saa moja. Kuna pia diski ya inje, ya USB 3.0, kuanzia giga 250, lakini kwa nyumba ambazo umeme unakatika kila jioni sisi tunapenda ile ya ndani.

Kitu kimoja kinatuchekesha kidogo. Betri ya maneti ni ya lithiamu, na nyingi za namna ile ziko na kobalti ndani. Congo inatosha zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, Kolwezi katikati yake. Papa anaichimba kwa kilo, inazunguka dunia, inarudi kwa gramu mu mikono ya mutoto wake, na bei imebadilika njiani.

Maneti ya pili munue siku ileile. Na maneti moja kwa watoto wanne, papa wa zamu ya usiku ataamushwa kila nusu saa kuja kukata kesi.