KULINGANISHA USALAMA WA PIKAPU KUBWA WAKATI WA MGONGANO

Watumishi wa Serikali na wananchi wengi huamini kwamba pikapu kubwa ni salama kwa sababu ya ukubwa wake. Imani hiyo ina sehemu ya ukweli, lakini haitoshi kumwongoza anayenunua gari, anayeidhinisha ununuzi wake, wala anayeipanda kila siku kwenda kazini. Makala haya yanaeleza namna usalama wa pikapu kubwa unavyopimwa nchini Marekani, ambako gari za aina hiyo hutengenezwa na kutumika kwa wingi, pamoja na mambo ambayo hayana budi kuangaliwa kabla ya kulinganisha moja na nyengine.

Pikapu zinazokusudiwa hapa ni kama Ford F-150, Chevrolet Silverado, Ram 1500 na Toyota Tundra, nyingi kati yake zikiwa na uzito wa takriban tani 2 au zaidi bila ya mzigo. Nchini humo hupimwa na vyombo viwili. Cha kwanza ni NHTSA, mamlaka ya serikali inayosimamia usalama wa barabara, ambayo hutoa nyota 1 hadi 5. Katika jaribio lake la mbele, uso mzima wa gari hugongeshwa kwenye ukuta kwa mwendo wa kilomita 56 kwa saa. Cha pili ni IIHS, taasisi inayogharimiwa na kampuni za bima, ambayo hutoa daraja nne: Nzuri, Inaridhisha, Hafifu na Mbaya. Taasisi hiyo hugongesha sehemu tu ya uso wa gari, kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa. Tangu mwaka 1995 imekuwa ikitumia asilimia 40 ya upana wa gari, na mwaka 2012 iliongeza jaribio la asilimia 25, ambalo ni mfano wa gari inayogonga mti au nguzo kwa pembe yake ya mbele.

Majaribio hayo hayapimi jambo moja. Gari inapogonga kwa uso mzima, nguvu ya kishindo hugawika katika vyuma vikuu viwili vya chesisi. Inapogonga kwa pembe, vyuma hivyo huweza kukwepwa kabisa, na gurudumu la mbele likasukumwa nyuma hadi kwenye miguu ya dereva. Ndiyo maana gari iliyopata nyota nyingi katika jaribio moja yaweza kushindwa katika jengine. Katika kila jaribio la IIHS, wapimaji hutazama kama chumba cha abiria kimebakia na nafasi ya mtu kuishi, na kama sanamu zilizofungwa mikanda ndani yake zimepata madhara kichwani, kifuani au miguuni.

Matokeo ya miaka iliyopita yanathibitisha kwamba ukubwa si kinga peke yake. Mwaka 2001, IIHS ilizipima pikapu kubwa nne kwa jaribio la asilimia 40. Toyota Tundra ilipata daraja ya Nzuri, Chevrolet Silverado ikapata Hafifu, na Dodge Ram pamoja na Ford F-150 zikapata Mbaya. Katika F-150 ya wakati huo, chumba cha dereva kiliporomoka kwa kiasi kikubwa. Watengenezaji walizifanyia gari hizo marekebisho makubwa: Ram ya mwaka 2002 na F-150 ya mwaka 2004 zote zilipanda hadi daraja ya Nzuri.

Lakini walioamini kwamba jina lililosifiwa mwaka 2001 litabaki na sifa hiyo daima walikosea. Mwaka 2019, IIHS ilipochapisha matokeo ya jaribio la asilimia 25 upande wa abiria wa mbele, Tundra ndiyo iliyopata daraja ya Mbaya. Ilipoundwa upya kwa toleo la mwaka 2022, ikarejea tena kwenye tuzo za juu za taasisi hiyo.

Hata gari za jina moja na mwaka mmoja huweza kutofautiana. Mwaka 2015, F-150 yenye milango minne kamili ilipata daraja ya Nzuri katika jaribio la asilimia 25, ilhali ile yenye chumba kifupi zaidi ilipata Hafifu. Sababu ni kwamba vyuma vya kulizuia gurudumu lisisukumwe ndani viliwekwa katika aina ya kwanza tu. Kampuni iliviongeza katika aina nyengine mwaka uliofuata.

Kwa hivyo, anayelinganisha pikapu anapaswa kuzingatia yafuatayo:

(a) Mwaka wa toleo na aina ya chumba, si jina la gari peke yake.

(b) Jaribio lililofanywa, kwani daraja iliyopatikana katika jaribio la zamani haijibu suali la jaribio jipya.

(c) Uzito. NHTSA yenyewe inaelekeza kwamba nyota za mgongano wa mbele zilinganishwe baina ya gari ambazo uzito wake hautofautiani kwa zaidi ya ratili 250, yaani kama kilo 113.

Ipo pia haki ya wengine wanaotumia barabara. Pikapu nzito inapogongana na gari ndogo, walio katika gari ndogo ndio huumia zaidi. Kwa ajili hiyo, mwaka 2003 watengenezaji waliafikiana kuziweka sehemu za mbele zinazopokea kishindo katika kimo kinacholingana na cha gari ndogo, na wakajipa muda hadi Septemba 2009. Kuhusu waendao kwa miguu, utafiti wa IIHS wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba gari zenye boneti ya kimo kinachozidi inchi 40, yaani kama mita 1, zina uwezekano wa takriban asilimia 45 zaidi wa kumuua anayegongwa kuliko gari zenye boneti ya chini iliyoinama.

Kwa Afrika, ambako pikapu zinazoonekana zaidi ni za ukubwa wa kati, somo ni lile lile. Mwaka 2019, shirika la Global NCAP liligonganisha Nissan NP300 Hardbody mpya, iliyokuwa ikiuzwa Afrika, na Nissan Navara NP300 iliyokwishatumika, iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya. Vipimo vilionyesha kwamba dereva wa gari mpya angeelekea kufa, na wa ile iliyotumika angeweza kushuka na kwenda zake. Jina lilifanana, vyuma havikufanana.

Mwisho, ieleweke kwamba hakuna hata moja kati ya majaribio yaliyotajwa linalompima mtu aliyekaa nyuma, katika sehemu ya mizigo. Nyota na daraja zote hizo ni za waliomo ndani ya chumba, wakiwa wamefunga mikanda. Aliyepakiwa juu ya mizigo hana kiti, hana mkanda wala mfuko wa hewa, na daraja ya Nzuri iliyopewa gari haimhusu.