Kuformati na Kusakinisha: Kurejesha Mfumo Endeshi wa Kipakatalishi Pasipo Diski Asilia

Katika mji wa Likasi, mwenye kipakatalishi kilichogoma kufanya kazi aghalabu huambiwa na fundi jambo moja tu: mashine iformatiwe. Neno hilo, lililoingia kwa njia ya Kifaransa, limebebeshwa mizigo miwili. Kwa maana yake ya kiufundi ni kuiandaa diski upya, yaani kuondoa orodha inayoonyesha kila faili limekaa wapi. Kwa maana ya mtaani ni kuweka upya mfumo endeshi. Mteja hukusudia maana ya pili. Fundi mwenye haraka hutekeleza zote mbili. Madhumuni ya makala haya ni kuzitenganisha hatua hizo, na kueleza jinsi mfumo endeshi unavyoweza kusakinishwa upya hata kama diski zilizokuja na mashine zimepotea, au hazikuwapo tangu mwanzo.

Suala hili si la mafundi peke yao. Mwanafunzi anayerekodi masimulizi ya wazee waliofanya kazi katika viwanda vya shaba vya Shituru, kwa Kiswahili chao cha Katanga, mara nyingi huwa ameyaweka yote katika mashine moja. Windows hupatikana tena. Sauti ya mzee aliyekwisha kufariki haipatikani. Historia ya Elisabethville iliyotungwa kwa Kiswahili na André Yav mwaka 1965 ilikuwa karatasi zilizopigwa chapa, na ndiyo maana Johannes Fabian aliweza kuichapisha mwaka 1990. Karatasi haihitaji mfumo endeshi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyaokoa mafaili, kabla ya kugusa jambo lingine lolote. Mashine isiyoweza kuifungua Windows si lazima iwe na diski iliyoharibika. Matoleo mengi ya Linux, kama Ubuntu na Mint, huweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka katika flashi bila kusakinishwa. Mtumiaji huwasha mashine kwa flashi hiyo, huifungua diski ya ndani, na kunakili kazi zake katika diski nyingine ya nje. Kizuizi kimoja chafaa kutajwa. Katika mashine nyingi za miaka ya karibuni diski imefungwa kwa BitLocker, wakati mwingine bila mwenyewe kujua, na haisomeki pasipo ufunguo wa tarakimu 48, ambao aghalabu umehifadhiwa katika akaunti yake ya Microsoft. Ikiwa diski imekwisha kuformatiwa kwa kosa, mashine izimwe mara moja: katika diski za sumaku data huweza kubaki mpaka iandikwe juu yake nyingine, lakini katika diski za kisasa zisizo na sumaku alama zake hutoweka upesi.

Baada ya hapo ndipo swali la diski asilia linapokuja, nalo ni dogo kuliko linavyodhaniwa. Katika miaka ya 2000 watengenezaji wengi walianza kuacha kutoa diski, wakaficha nakala ya mfumo katika sehemu maalumu ya diski ya ndani. Katika mashine nyingi za HP sehemu hiyo huitwa kwa kubonyeza F11 wakati wa kuwasha, na katika nyingi za Acer kwa Alt na F10 pamoja. Lakini kuirudisha mashine katika hali ya kiwandani kwa kawaida hufuta kila kilichoongezwa baadaye. Windows 10 na 11 zina njia ya kujiweka upya huku zikibakiza mafaili binafsi. Programu nyingine huondoka.

Pale ambapo sehemu hiyo imefutwa, haki ya kutumia mfumo haikupotea pamoja nayo. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, ufunguo wa leseni kwa kawaida umeandikwa ndani ya bodi kuu ya mashine zilizouzwa na Windows, na mfumo huusoma wenyewe. Katika mashine za zamani zaidi ulibandikwa kwa karatasi chini ya mashine. Mtumiaji hupakua kutoka Microsoft faili lenye nakala kamili ya diski ya toleo lilelile, huliweka katika flashi yenye gigabaiti 8 au zaidi, na kuichagua flashi hiyo mashine inapowashwa. Faili hilo ni kubwa mno kwa mfuko wa mwanafunzi. Ingefaa idara ilipakue mara moja, ihakiki tarakimu zake za utambulisho dhidi ya zile zilizotangazwa, kisha iwagawie wote. Flashi za sokoni hazina uhakika huo.

Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64 na kijenzi cha usalama ambacho mashine nyingi kuukuu hazina. Kwa mashine hizo Linux ni chaguo la busara, wala si la kimaskini.

Mazingira ya Likasi yaongeza tahadhari mbili. Ingawa mabwawa ya Mwadingusha na Koni yako katika Mto Lufira, si mbali sana, umeme hukatika. Kukatika katikati ya kusakinisha kwa kawaida hulazimisha kuanza upya. Kukatika wakati sehemu za diski zinapogawanywa upya huweza kuangamiza data yote. Betri nzima yahitajika, la sivyo kazi iahirishwe. Pili, mpangilio wa kibodi uchaguliwe sawasawa: katika AZERTY ya Kifaransa, A na Q hubadilishana nafasi, vivyo hivyo Z na W, na tarakimu za safu ya juu hudai Shift. Nywila iliyowekwa chini ya mpangilio usio sahihi hukataliwa kesho yake, na mwenye mashine hurudi kwa fundi, ambaye jibu lake linajulikana.