Litowa ya Songea: Funzo kwa vikundi vinavyotafuta mawazo ya wengi

KIDOLE kimoja hakivunji chawa. Methali hii husikika zaidi watu wanapochangishana fedha au nguvu: harusi, msiba, ujenzi wa darasa au kuvuna shamba la mgonjwa. Ni mara chache hukumbukwa pale kinachotakiwa kuchangwa si shilingi wala jembe, bali ni mawazo.

Hata hivyo, mkulima wa Songea anayeamka asubuhi na kukuta mahindi yake yametobolewa na viwavijeshi vamizi, wadudu walioingia nchini mwaka 2017, kitu cha kwanza anachohitaji mara nyingi si mkopo. Anahitaji kujua jirani wa bonde la pili alifanya nini, lini, na kama kilisaidia.

Hali ni hiyo hiyo kwa mfanyabiashara mdogo wa soko kuu la mjini. Kabla ya kununua gunia la maharage, anataka kujua bei ya Mbinga leo, barabara ipi ina utelezi na ni nani analeta mzigo wenye unyevu. Majibu ya maswali hayo yapo, ila yametawanyika katika vichwa vya watu wengi.

Kuyakusanya majibu hayo na kuyafanyia kazi ni jambo ambalo Mkoa wa Ruvuma umelifanya kwa miaka mingi. Umelifanya kwa mafanikio makubwa, na pia umewahi kulipoteza kwa namna ambayo kila chama cha msingi na kila kikundi kinapaswa kuikumbuka.

Vijana wa Litowa

Mwaka 1960, kundi dogo la vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, likiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, lilikwenda kufungua mashamba ya pamoja Litowa, Songea vijijini. Jaribio la kwanza lilishindikana. Chakula kiliwaishia na kazi ikasimama.

Mwaka 1961 walirudi tena, na safari hii walikaa. Waliamua mambo yao katika vikao vyao wenyewe: nani aende shambani, nani ajenge, nini kipandwe na mapato yagawanywe vipi. Msimamizi wa kazi alichaguliwa na wenzake, na aliweza kuhojiwa na wenzake.

Mwaka 1963 kikaundwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichofahamika zaidi kwa kifupi cha Kiingereza, RDA. Mwaka huo huo Mwingereza Ralph Ibbott alihamia Litowa na familia yake, akawa mshauri. Kazi yake haikuwa kutoa amri. Uamuzi ulibaki kwa mkutano wa kijiji.

Hadi kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960, chama hicho kilikuwa na vijiji zaidi ya 15, vikiwemo Liweta na Matetereka. Vijiji hivyo havikulazimishwa kufanana. Kila kimoja kilikwenda kwa mwendo wake katika kutoka shamba la mtu binafsi kwenda shamba la pamoja.

Kilichowaunganisha ni kujifunza mmoja kwa mwingine. Kijiji kipya kilipata wajumbe wa kijiji cha zamani, wakaeleza walichofanya na walipokosea. Njaa ya mwaka wa kwanza wa Litowa, kwa mfano, ilikuwa somo tosha: usihamie shamba jipya bila kwanza kuwa na akiba ya chakula.

Mawazo hayo yalizaa mali. Chama kilikuwa na mashine ya kusaga nafaka mjini Songea na kiwanda cha kupasua mbao. Litowa ilikuwa na shule yake ya msingi, iliyopokea pia watoto wa vijiji wanachama, na wanakijiji walikuwa na sauti juu ya kile watoto wao wanachofundishwa.

Mwalimu Julius Nyerere aliona hayo. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha la Februari, ulitolewa mwongozo wa Ujamaa Vijijini mwezi Septemba. Mfano hai wa kile kilichoandikwa humo ulikuwa tayari unalima Songea.

Mali ya nani?

Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU iliamua kukivunja chama hicho. Hoja ilikuwa kwamba kazi ya kujenga vijiji vya ujamaa ni ya chama tawala chenyewe. Mali za RDA zilichukuliwa, walimu wa Litowa wakahamishwa, na Ibbott na familia yake wakaondoka nchini.

Baadhi ya vijiji havikufa mara moja. Matetereka, kwa mfano, kiliendelea na kazi za pamoja kwa miaka mingi baadaye. Lakini ule mtandao wa kijiji kumfundisha kijiji ulikatika.

Miaka michache baadaye, kati ya 1973 na 1976, watu wengi nchini walihamishiwa vijijini kwa amri, wengine kwa nguvu. Kwa nje vijiji hivyo vilifanana na Litowa, kwani watu waliishi pamoja na kulikuwa na shamba la pamoja. Kilichokosekana ni kikao ambacho uamuzi wake ulikuwa na uzito.

Somo kwa wakulima wa leo liko hapo. Watu hutoa mawazo yao bora pale wanapojua kwamba mawazo hayo yatafanyiwa kazi na kwamba matunda yake yatawarudia. Wakiona wanaulizwa kwa ajili ya kujaza fomu tu, watanyamaza, au watasema kile muulizaji anachotaka kusikia.

Sengu ya Wamatengo

Katika milima ya Mbinga, magharibi mwa Songea, Wamatengo walikuwa na utaratibu wao wa zamani uitwao sengu. Wanaume wa ukoo mmoja, babu, wanawe na wajukuu, walikula pamoja, kila nyumba ikileta chakula chake. Baada ya kula, mambo yalizungumzwa: ugomvi wa mpaka, kazi za msimu, mafunzo kwa vijana.

Milima hiyo hiyo ndiyo yenye kilimo cha ngoro. Majani hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo huchimbwa na kufukiwa juu yake, na kubakiza mashimo katikati. Mvua ikinyesha, maji hukaa mashimoni badala ya kuteremka na udongo, na majani yaliyofukiwa huoza na kuwa mbolea.

Hakuna mtaalamu mmoja anayetajwa kuwa ndiye aliyebuni ngoro. Ni ujuzi wa vizazi, uliorekebishwa na mikono mingi, hasa ya wanawake, ambao ndio wachimbaji wa mashimo hayo. Kwa zaidi ya miaka 100 umewezesha kulima miteremko mikali ambayo kwingine ingekuwa makorongo.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kilipofanya kazi huko kwa ushirikiano na Wajapani, kuanzia miaka ya 1990 hadi 2004, watafiti waliona kuwa mahali pa kuanzia ni ujuzi huo wa wenyeji. Katika kijiji cha Kindimba ilijengwa mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, na jina la sengu likarudi, sasa kama kamati ya wanakijiji.

Kutokana na hapo, vikundi vilijitokeza na shughuli nyingine kama vitalu vya miti na mabwawa ya samaki. Mashine moja iliyojadiliwa vizuri ilifungua mdomo wa kijiji kwa mambo mengine.

Ng'ombe wa Plymouth

Je, kuna ushahidi kwamba watu wengi wa kawaida wanaweza kujua zaidi ya bingwa mmoja? Upo, na unatoka kwenye maonyesho ya mifugo.

Mwaka 1906, katika mji wa Plymouth, Uingereza, watu walinunua tiketi ili kukisia uzito wa nyama ya ng'ombe mmoja baada ya kuchinjwa na kuandaliwa. Walikuwemo wachinjaji na wafugaji, na pia wapita njia. Msomi Francis Galton alizichukua tiketi 787 zilizosomeka na kuzipanga kuanzia ndogo hadi kubwa.

Kisio la katikati lilikosea kwa kilo zisizozidi 5 tu, kwa nyama yenye uzito wa kilo 543 hivi. Ni kosa la chini ya asilimia 1.

Lakini kuna sharti moja. Kila mtu aliandika kisio lake peke yake, bila kusikia la mwenzake. Kama mchinjaji mashuhuri angesimama na kutangaza uzito kwanza, wengi wangemfuata, na tiketi 787 zingegeuka kuwa tiketi moja iliyorudiwa.

Hilo hutokea kila wiki katika vikao vya vikundi. Mwenyekiti anafungua kwa kueleza anachotaka, mwenye duka kubwa anaunga mkono, na wengine wanapiga makofi. Kikao kimefanyika, lakini mawazo hayakukusanywa.

Namna ya kuuliza

Kikundi kinachotaka faida ya mawazo ya wengi kinaweza kuanza na mambo machache yasiyo na gharama.

Kwanza, swali liwe dogo na la kujibika. "Tufanyeje ili kilimo kiendelee?" halina jibu. "Nani alipanda kabla ya mvua za Desemba, na alivuna magunia mangapi kwa ekari?" lina jibu kwa kila mwanachama.

Pili, kiongozi aseme mwisho. Wasiozoea kusema mbele ya watu, hasa wanawake na vijana, wapewe nafasi ya kukaa katika makundi madogo kwanza, au waandike majibu yao kwenye karatasi bila jina.

Tatu, majibu yaandikwe kwenye daftari ambalo kila mwanachama anaweza kulisoma. Wazo lisiloandikwa huondoka na mwenye nalo. Kundi la kwenye simu linafaa kwa taarifa ya haraka, ila ujumbe wa leo hufunikwa na salamu na matangazo ya kesho.

Nne, wazo lijaribiwe kwenye kipande kidogo. Robo ekari inatosha. Aliyesema majivu yanapunguza viwavi na aliyesema kuokota kwa mkono ndiyo dawa, wote wawili wajaribu kando kwa kando, na bwana shamba aalikwe kuona. Si kila wazo la wengi ni sahihi, na shamba la darasa ndilo hakimu.

Tano, waliotoa mawazo warudishiwe jibu. Waelezwe lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini. Mtu asiyejua wazo lake liliishia wapi hataleta lingine.

Faida yake huonekana hata katika usafirishaji. Chukua mfano wa wakulima 10, kila mmoja akiwa na magunia 10 ya mahindi ya kilo 100. Kila mmoja akihangaika peke yake, atamwuzia mnunuzi anayepita mlangoni, pengine kwa lumbesa. Wakiulizana wiki mbili kabla, wanajua wana tani 10, mzigo wa lori moja, na wanaweza kuuza kwa mizani na kuchagua soko.

Hapo hakuna aliyetoa fedha. Kilichochangwa ni taarifa tu: nani ana kiasi gani, na lini kitakuwa kimekauka.

Ushirika wenyewe si mgeni Songea. Chama Kikuu cha Ngoni-Matengo kilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya wakulima wa tumbaku. Kwa hiyo mkoa hauna upungufu wa vyama. Upungufu, pale unapotokea, huwa ni wa kikao ambacho mwanachama wa kawaida anaamini kuwa neno lake litabadili kitu.

Vijana wa Litowa walikuwa na njaa, hawakuwa na mtaji, na jaribio lao la kwanza lilishindwa. Waliporudi, walikaa chini wakaulizana. Kikundi chochote cha Namtumbo, Mbinga au Songea mjini kinaweza kufanya hivyo katika kikao chake kijacho, na ajenda ya kwanza ikawa swali moja tu, lililoulizwa kwa nia ya kusikia jibu.