Mwavi: Mti wa Kiapo na Sumu Yake

Zamani, katika sehemu nyingi za Afrika, mtu aliyetuhumiwa uchawi au wizi hakuletewa mashahidi. Aliletewa maji mekundu ya gome la mti akaamriwa ayanywe. Akitapika, walisema hana hatia. Akifa, walisema mwavi umemkamata. Roho nyingi zilipotea kwa hukumu hii. Kwa hiyo tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu, hasa vijana, ni kitu gani kilichokuwamo katika kikombe kile.

Mwavi ni mti mkubwa wa nchi za joto, uotao toka Senegal hata Kenya, na kushuka mpaka Msumbiji na Zimbabwe. Wataalamu wauita Erythrophleum suaveolens, na jina hilo la kwanza latokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya gome jekundu. Ni wa jamii ya kunde, ndugu wa mbaazi na mkwaju tunaokula kila siku, wala umbo lake halimtishi mtu.

Sumu yake ni alkaloidi, yaani vitu vyenye naitrojeni ambavyo mimea huvitengeneza yenyewe. Kwinini ya kutibu malaria, kafeini ya kahawa na nikotini ya tumbaku ni za kundi hilo hilo. Katika miaka ya 1870 Wafaransa wawili, Gallois na Hardy, walitoa alkaloidi katika gome la mwavi, na mwaka 1935 Dalma akaitenga ile iitwayo kasaini.

Alkaloidi hizi hazikai katika gome peke yake. Zimo katika mbegu pia, na majani nayo ni sumu, hata mifugo ikiyala hufa. Tena kiasi chake hakilingani: gome la mti mmoja laweza kuwa kali kuliko la mwingine. Hata vumbi la mbao zake huwasha macho na pua za maseremala.

Sumu hii hushika moyo. Huzuia kazi ya chembe za mwili ya kutoa sodiamu na kuingiza potasiamu, na kwa hiyo mapigo ya moyo huvurugika, pumzi hupungua, na mwisho moyo husimama. Lakini pia hutapisha. Aliyetapika upesi aliitoa sumu kabla haijaenea mwilini, akapona. Aliyechelewa kutapika alikufa, awe mwizi au mtu mwema.

Basi na tufikiri. Ukali wa gome, wingi wa maji, na mkono wa mpishi wa dawa ndivyo vilivyoamua nani aishi na nani afe. Mti haujui nani ameiba. Dini yetu yamtaka mwenye kudai alete ushahidi; naye aliyekunywa mwavi hakupewa haki hiyo. Tuhuma za uchawi hazijakwisha hata leo, na kila mwenye nyumba ana wajibu wa kuzikataa zinapofika mlangoni pake.

Tena tujihadhari. Tusinywe maji ya gome tusilolijua, hata likisifiwa kuwa ni dawa, na watoto wafundishwe wasichezee mbegu za porini. Aliyekwisha kula sumu apelekwe hospitali upesi, pamoja na kipande cha kitu alichokila, ili daktari apate kukitambua.