Rhesus ni Jina, Si Damu ya Kima

Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno, na wiki iliyopita limerudi tena. Safari hii lililetwa na shangazi wa binti anayekaribia kuolewa. Alikuja maabara na karatasi mbili za majibu: binti ni O hasi, mchumba ni A chanya. Akaziweka mezani, akashusha sauti: "Daktari, niambie ukweli. Kati ya hawa wawili, nani ana damu ya kima?"

Hakuna. Binti hana, mchumba hana, na wewe unayesoma huna.

Uvumi wenyewe mnaujua, maana unatumwa kwenye simu kila uchao: kwamba "Rh" ni kifupi cha rhesus, rhesus ni kima, hivyo aliye chanya ana asili ya kima na aliye hasi ana damu safi ya binadamu, wakioana, damu zinapigana na watoto wanakufa. Nimeona uchumba ukivunjwa kwa maneno haya, na sina tena subira nayo.

Tuanze na jina. Mwaka 1940 huko New York, Karl Landsteiner na Alexander Wiener walichukua damu ya kima wa rhesus, mnyama wa India, China na nchi jirani, wala si wa misitu yetu. Wakawadunga sungura na simbilisi damu hiyo, miili ya wanyama hao ikatengeneza kingamwili, kisha seramu yao ikachanganywa na damu za watu. Kwa wakazi Wazungu wa New York, kama 85 katika kila 100 damu zao zilishikamana. Kitu hicho kilichoshikwa na seramu kikaitwa Rh, kwa kumbukumbu ya mnyama aliyetumika. Hakuna tone lililotoka kwa kima likaingia katika ukoo wa mtu.

Na hata jina lenyewe liliangukia pasipo pake. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kingamwili za wale sungura zilikuwa zinashika kitu kingine kabisa juu ya chembe nyekundu, ambacho leo kinaitwa LW, herufi za kwanza za Landsteiner na Wiener. Kile tunachokipima sisi ni D, na D ilikuwa imekwisha kujitokeza kwa binadamu. Mwaka 1939 Philip Levine na Rufus Stetson walieleza habari za mama aliyejifungua mtoto mfu, akaongezewa damu ya mumewe ya kundi lilelile la ABO, na mwili wake ukaikataa vibaya. Alikuwa ametengeneza kingamwili dhidi ya kitu ambacho mtoto alikirithi kwa baba. Habari ya D ilianzia kwa mama huyo. Jina la kima lilibandikwa tu, likaganda.

Hiyo "damu safi" nayo haipo. Hasi maana yake ni kukosa D, protini moja juu ya chembe nyekundu, basi. Wazungu wengi walio hasi hawana kabisa jeni ya protini hiyo. Waafrika wengi walio hasi wanayo, ila ina hitilafu na haifanyi kazi. Katika hilo hakuna utukufu wala aibu.

Njoo uone kipimo chenyewe. Naweka tone la damu kwenye kigae cheupe, naongeza tone la anti-D, yaani kingamwili dhidi ya D, nakoroga kwa kijiti, nakitikisa kigae taratibu. Damu chanya hukatika vipunje kama maziwa yaliyoharibika. Damu hasi hubaki laini. Nimetazama vigae hivyo miaka na miaka, na sijawahi kuona humo kitu cha kumtenga mtu na mchumba wake.

Kima wa rhesus ametufaa kweli. Chanjo ya polio ya Jonas Salk, iliyoidhinishwa 1955, ilitengenezwa kwa kukuza virusi katika seli za figo za kima, na mwaka 2020 chanjo za Korona zilijaribiwa kwao pia. Tuna deni kwake, na deni halilipwi kwa uzushi.

Wauzaji wa dawa za "kubadilisha kundi la damu" nao wanakula hapo hapo. Rozela na bitiruti ni vinywaji vizuri, vinywe. Kundi la damu umelirithi kwa wazazi, na hakuna juisi, mzizi wala kikombe kinachoweza kuligusa.

Sasa la kufanya. Mama akiwa chanya, msihangaike na D, baba awe vyovyote. Wote wawili hasi, vilevile. Mama hasi na baba chanya: oaneni, zaeni, ila mpimwe mapema. Mimba ya kwanza kwa kawaida hupita salama. Hatari ni damu ya mtoto kuingia kwa mama, hasa wakati wa kujifungua, na kumwandaa kumshambulia mtoto anayefuata. Fanya kliniki kipimo cha Coombs, cha kutafuta kingamwili hizo. Kama hujatengeneza kingamwili, pata sindano ya anti-D wiki ya 28, na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto chanya. Mimba ikitoka, ikitunga nje ya kizazi, ukivuja damu au ukipigwa tumboni, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kama kingamwili zimekwisha kuwapo, sindano haitasaidia. Unahitaji hospitali yenye bingwa. Si kila duka la dawa lina sindano hii, hivyo itafute kabla ya uchungu.

Sindano hiyo ipo tangu 1968 na hutengenezwa kwa damu ya watu wanaojitolea. James Harrison wa Australia, aliyefariki Februari 2025, alichangia mara 1,173. Ni binadamu, si kima.

Shangazi nilimwambia ndoa iendelee. Wewe dada uliye hasi, waambie wakuandikie juu kabisa ya kadi yako ya kliniki: Rh hasi, anti-D wiki ya 28 na ndani ya saa 72. Mkunga aione kabla hujapanda kitandani.